Salfa ya Mjomba, Jaruba la Mama

Mjomba wangu aliamini kwamba hakuna kitu duniani kisichopona kwa salfa. Simlaumu yeye peke yake, maana ukanda wetu wote ndivyo ulivyo. Korosho imetulea vibaya. Kila mwaka mikorosho ikianza kutoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga unaingia, maua yanakuwa kama yamenyunyiziwa unga, na wanaume wanabeba mabomba mgongoni wanapuliza salfa mpaka kijiji kizima kinageuka cha njano na watu wanapiga chafya msikitini. Baada ya hapo mikorosho inabeba. Sasa mtu aliyeyaona hayo tangu utoto, mwambie kuna ugonjwa usiotaka unga wa njano, atakutazama kana kwamba umemtukana. Nimewahi kuona mtu anampaka mbuzi salfa kwenye kidonda. Nimeona mwingine anaimwaga kwenye shimo la choo. Mjomba aliwazidi wote. Yeye aliamua kuitibu bahari.

Kijiji chetu kiko upande wa Msimbati, kabla hujafika Ruvuma inapoingia baharini. Juu ni kichanga, mikorosho na mihogo. Chini ni bonde la tope jeusi ambalo zamani lilikuwa mikoko mitupu, mpaka wanawake walipolizungushia tuta la udongo, wakaacha mvua ziliondolee chumvi, wakaanza kulima mpunga. Hayo yalifanyika kabla sijazaliwa. Kwetu majaruba ya mpunga ya bondeni hupita kwa wanawake. Bibi alilipata la kwake kwa mama yake, mama akalipata kwa bibi, na mimi binti yake wa pekee nilitazamiwa kulipata kwa mama, kisha binti yangu baada yangu. Lakini midomo ni ya wajomba. Mwanamke atalima, atafukuza ndege, atavuna na kutwanga, ila siku ya kusema ardhi ifanywe nini, anayesema ni kaka yake. Utaratibu huo nimeuheshimu maisha yangu yote kwa sababu sikupewa mwingine.

Aliyekuwa na mdomo huo kwetu ni kaka mkubwa wa mama. Mtu mrefu, kanzu safi, sauti ya kuita watu mkutanoni hata pasipo na mkutano. Alipotaka nguzo za banda lake la korosho aliteremka bondeni akakata mikoko iliyokuwa imesimama mbele ya tuta. Hakukata peke yake, lakini yeye ndiye aliyeanza, na wengine walipoona mkubwa kaanza wakaleta mapanga yao. Banda lenyewe leo limeinama upande mmoja na kuku wanalidharau. Ukaja mwaka wa mvua kubwa, na bamvua la mwezi wa tatu, yale maji makuu ya bahari, likaja na upepo nyuma yake. Maji hayakukuta mti wa kuyapunguza nguvu. Tuta likakatika, bahari ikalala kwenye mpunga uliokuwa umeanza kutoa masuke, na kila bamvua lililofuata likapita kwenye pengo lile lile kama mgeni aliyeonyeshwa mlango.

Mimi wakati huo nilikuwa Likombe, Mtwara mjini, na bado nipo. Nina banda la chakula. Nawalisha walimu, makarani, na watu wanaoshuka kutoka bandarini na njaa zao, wengi wao wametoka mikoa ya mbali na hawasahau kutukumbusha. Swali lao la kwanza ni mchele wa wapi. Ukiwajibu wa Mbeya, wanatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa miaka mingi nimewapikia mchele wa mama, uliotoka kwenye tope la Ruvuma ukaja kwa gunia juu ya basi, nao wakausifu kwamba hakuna mchele kama wa Mbeya, harufu yake tu inajulikana. Sikuwahi kuwasahihisha. Mtu anayejisifia ulimi na hana ulimi, mwache ale.

Siku mama aliponipigia simu kwamba jaruba limekufa, nilifunga banda nikaenda. Nilimkuta amesimama juu ya tuta, khanga amejifunga kiunoni. Ilikuwa kiangazi. Bonde lote lilikuwa jeupe. Nikashuka nikakanyaga, na ule weupe ukavunjika chini ya mguu kama ukoko wa wali, chini yake tope lenye harufu ya mayai yaliyooza. Mama alikuwa amelima pale tangu akiwa mwali. Nilitaka alie, ili na mimi nipate kulia. Hakulia. Akasema twende tukapike, mjomba wako ana maneno.

Maneno ya mjomba yalikuwa haya. Kuna bwana mmoja wa mjini anayevuna chumvi, mwenye majaruba ya chumvi kando ya Mtwara. Alikuwa amepita na pikipiki akaona bonde letu limejichumvia lenyewe, akafurahi kama mtu aliyekuta sufuria imeshabandikwa. Akamwomba mjomba bonde lote. Na mjomba, kwa huruma yake, alikuwa ametupa muda mpaka mavuno yajayo. Mpunga ukiota, sawa. Usipoota, bonde linakwenda kwenye chumvi.

Ili msomaji wa mbali anielewe: jaruba la mpunga likishafanywa la chumvi halirudi. Linasawazishwa, linagandamizwa chini liwe gumu kama sakafu, halafu bahari inaingizwa kwa makusudi, kila bamvua, ikauke, chumvi ikombwe, bahari iingizwe tena. Hapo hakuna cha mama wala cha binti. Nilimtazama mama nikitegemea atasema neno.

"Ndiyo, kaka," akasema.

Naomba niseme wazi kwamba hiyo "ndiyo, kaka" niliichukia kuliko chumvi yenyewe. Nimekua nayo. Kaka anataka kuku, ndiyo kaka. Kaka anaona mtoto huyu wa kike asome mpaka la saba inatosha, ndiyo kaka. Mama yangu anajua kufokea ndege wa bondeni mpaka wanahamia kijiji cha pili, lakini mbele ya kanzu ile sauti yake inakuwa ya mgonjwa. Nilimdharau siku ile, mama yangu mzazi, na nilipomsaidia kuosha vyombo niliviosha kwa kelele ili ajue.

Katikati ya hayo ukaja mradi. Sitautaja, na nisingeweza, maana jina lake lilikuwa refu na lilishaniponyoka kabla fulana walizotugawia hazijapauka. Wakaleta turubai, viti vya plastiki, soda, na mtaalamu wa udongo mwenye buti za mpira mpya kabisa. Akasimama juu ya tuta akatueleza. Na alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema chumvi haiuliwi, inahamishwa. Zuieni bahari kwanza. Halafu jazeni jaruba maji ya mvua, acheni yakae yainywe chumvi, myatoe bahari ikiwa imepwa, mjaze tena, mtoe tena, na msiache udongo ukauke katikati kwa sababu ukikauka chumvi inapanda juu upya. Kiangazi funikeni kwa majani. Ndiyo hayo tu.

Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Na dawa yake inapatikana wapi?"

"Hakuna dawa, mzee wangu. Ni maji ya mvua na kazi."

Ungeziona nyuso zao. Mtu asingeweza kuvunja mkutano vizuri zaidi hata kwa kutangaza nyuki. Mjomba akauliza kuhusu salfa, na yule mtaalamu akasema hapana, hasa si hapa. Udongo wa mikoko una salfa yake tangu zamani, ndiyo ile harufu, na ukiuongezea utaugeuza mkali kama ndimu. Akapiga picha na sisi, akapiga picha na pengo la tuta, akapanda gari. Buti zake zilirudi mjini kama zilivyotoka dukani. Mtu yule alikuwa sahihi kwa kila neno na hakutusaidia hata jembe moja, na mimi nadhani kuwa sahihi ukiwa umesimama pakavu ni kazi nyepesi kuliko zote.

"Kijana hana hata mkorosho mmoja," mjomba akasema gari lilipoondoka, "anakuja kunifundisha salfa!"

Watu wakacheka. Kwao hoja ilikuwa imekwisha.

Basi msimu wa kupuliza ulipomalizika, mjomba akapita nyumba kwa nyumba akikusanya salfa zilizobaki. Watu wanaobania chumvi ya kupikia walitoa salfa kwa moyo mweupe, mifuko kwa mifuko. Asubuhi moja wanaume wakateremka bondeni na mabomba yao mgongoni, vitambaa puani, injini zinaunguruma, na wakaanza kulipulizia tope. Nilikuwepo, nilikuja makusudi. Weupe ukageuka njano kuanzia upande wa majaruba ya majirani kuja kwetu. Walikuwa na furaha kama watu wa harusini. Na pale pembeni pengo la tuta lilikuwa wazi vile vile, kaa wanapita, na wiki ile ile bamvua lingeingia kuosha ile dawa na kuacha chumvi mpya.

"Shikamoo, mjomba," nikamwambia. "Pengo tunaziba lini?"

"Marahaba. Dawa kwanza, mwanangu. Ngonjwa anapewa dawa kwanza, halafu ndo unampangia mengine."

"Na bahari ikiingia tena?"

"Itakuta dawa."

Upumbavu ukiwa mkubwa kiasi hicho unakosa mahali pa kuushika. Ndipo mama akaja, akapiga magoti kidogo mbele ya kaka yake, huku anakohoa kikohozi ambacho sikuwahi kukisikia tangu nizaliwe.

"Kaka," akasema, "la kwangu naomba unianzie ile kona ya juu tu. Kifua changu siku hizi hakitaki kabisa salfa. Hiyo kona ikikubali, mwakani unamalizia kote."

Mjomba akamwonea huruma. Akaamuru wampulizie kona moja ya jaruba, wakaifunika mpaka ikawa kama imetandikwa khanga ya njano, na sehemu nyingine wakaiacha. Nilisimama pale najiuliza mama ana akili au ni woga tu umepata bahati. Sikumuuliza. Bado nilikuwa nimemkasirikia.

Majirani, wanawake wawili ambao majaruba yao yalipata dawa ya kutosha, wakakaa kusubiri. Niliwafuata kuwaomba tuzibe pengo pamoja. Mmoja akaniambia salfa haipendi kuchokonolewa, inatakiwa itulie. Mwingine akaniambia mimi ni mtu wa mjini, nimekwisha sahau. Nikawaacha na utulivu wao. Pengo kubwa hatukuliweza, mama na mimi, wawili tu. Tukaamua kulizungushia jaruba letu tuta lake lenyewe, dogo, ndani ya bonde lililo wazi. Kila nilipopata mtu wa kunishikia banda Likombe nilirudi. Tulijaza viroba kwa tope, tukapanga, tukakandika, tukachomeka vipande vya mikoko iliyokufa ili viroba visishuke. Bamvua likaja likala upande mmoja. Tukapanga upya. Mikono yangu iliota sugu juu ya sugu za mwiko, na walimu wangu wa Likombe wakaanza kuuliza kwa nini siku hizi chakula kinachelewa. Waliosubiri dawa bondeni walikuja jioni kututazama tunavyobeba, wakatupa pole, wakarudi.

Tulihitaji bomba moja la kupitisha maji chini ya tuta. Kijiji kizima hakikuwa nalo. Nililitafakari hilo ndani ya basi nikipita Madimba, ambapo gesi ya kwetu inasafishwa na kuingizwa kwenye bomba linalokwenda nayo mpaka Dar es Salaam, safari nzima chini ya ardhi, bila kuchoka. Sisi tulikuwa tunakosa bomba la plastiki lenye urefu wa mtu. Nikalinunua mjini nikapanda nalo basi, kondakta akanitukana njia nzima. Tukalizika chini ya tuta, na mdomo wake wa nje tukautengenezea kizibo cha kiroba kilichojaa udongo. Bahari ikipanda tunaziba, ikipwa tunazibua. Ndiyo mitambo yetu yote ilikuwa hiyo.

Mvua zikaanza. Jaruba likajaa, likakaa, mama akaingia na jembe akalitibua lile tope ili maji yapate kuinywa chumvi, halafu maji yalipopwa nje tukavuta kiroba. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Nikakinga kiganja nikaonja.

Kitu kimoja najua duniani, na nitakisema bila unyenyekevu: najua chumvi. Nimeonja mboga kila siku tangu nikiwa msichana, na mtu akizidisha punje naijua. Maji yale ya kwanza yalikuwa bahari yenyewe, nikayatema. Ya safari iliyofuata yalikuwa mchuzi wa mpishi aliyegombana na mumewe. Tukajaza, tukatoa. Yakaja ya mchuzi unaoliwa ukiwa na njaa sana. Mvua ikakatika mwezi wa kwanza, jua likawaka, na nilipoonja baada ya hapo chumvi ilikuwa imerudi, kwa sababu mama alikuwa amekwenda msibani na jaruba likakauka juu. Nililia kwa hasira, nikamwambia mama maneno juu ya msiba huo ambayo siyarudii. Tukajaza tena. Mwisho yakaja maji yenye chumvi ya uji wa mgonjwa, na mama alipoonja akasema hapa mpunga utavumilia.

Kwa majirani mambo yalikuwa mengine. Maji ya mvua yaliyotuama kwenye salfa yaligeuka mekundu, rangi ya chai iliyolala, na juu yake utando unaong'aa kama wa mafuta. Samaki wadogo walioingia na bamvua walielea matumbo juu. Chura hakuweka mguu. Wakamwita mjomba aje aone. Mjomba akaja na kanzu yake, akachuchumaa, akatazama kwa muda.

"Dawa inatoa uchafu," akasema. "Mnaona? Inatoa."

Wakaona. Wakatikisa vichwa kukubali. Watu wazima, waliozaliwa juu ya tope lile, wanatazama samaki waliokufa na wanaona afya.

Tukapandikiza miche. Nusu ilikauka ncha, ikawa myekundu, ikafa. Iliyobaki ilisimama siku nyingi bila kukua wala kufa, kama mtu anayefikiria kama aingie nyumbani au arudi. Halafu ikaamua. Nilikuja wiki moja nikakuta kijani, si kijani cha kusifia, kijani chembamba chenye mapengo, lakini katika bonde lile lote lililokuwa jeupe na jekundu, kilikuwa ndicho kijani pekee. Kwenye kona ya salfa halikuota hata jani. Ilikuwa sahani tupu iliyosahauliwa mezani. Mama alifyeka pembeni yake vizuri ionekane.

Tukavuna mwezi wa sita. Yalikuwa mavuno madogo, ya kutia aibu kwa mtu aliyeyajua ya zamani. Mama alichagua punje nzuri akaziweka mbegu, zilizobaki akazitwanga mwenyewe, hakutaka mashine. Na siku aliyopanga tule ndiyo siku mjomba aliyomwita bwana wa chumvi aje kumalizia mapatano. Sijui kama mama alijua. Nadhani alijua.

Bwana wa chumvi alikuja na pikipiki, miwani ya jua, na fimbo ya kupimia. Mjomba akateremka naye bondeni, watu wakafuata, majirani wale wawili wakiwa nyuma wamejikunyata. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hotuba yote kichwani: mikoko, pengo, samaki, kona. Nilitaka kumvua mjomba ile kanzu kwa maneno mbele ya kijiji kizima, na nilikuwa nimeisubiri siku hiyo tangu niliponyimwa shule. Tukafika kwenye mabua ya mpunga uliovunwa. Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Kaka," akasema kwa sauti kubwa ambayo haikuwa ya mgonjwa hata kidogo, "dawa yako imekubali."

Mjomba akatazama mabua. Akatazama watu wanavyomtazama.

"Jaruba hili lilikuwa chumvi tupu," mama akaendelea. "Ntu asiseme halikuwa. Kaka yangu akaja akalitia salfa, leo nimevuna. Na haya ya wenzangu bado dawa inaingia pole pole. Mwakani nayo."

"Ee," mjomba akasema. Kisha tena, kifua kikipanda, "Ee! Si niliwaambia? Yule kijana wa buti alinibishia hapa hapa!"

"Na pale?" bwana wa chumvi akauliza, akinyoosha fimbo yake kwenye ile kona iliyokufa.

Nikaona Mungu kaniletea msaada. Mjomba akageuka akaitazama kona, na hakupepesa hata jicho.

"Pale dozi ilizidi," akasema. "Vijana hawakupima. Pengine pote ilikuwa kidogo kidogo, ndo ikakubali."

Pengine pote haikuwekwa hata chembe, na waliopuliza walikuwa pale wamesimama. Nikawatazama mmoja mmoja. Mmoja akasema kweli, walizidisha pale. Mwingine akasema bomba lake siku ile lilikuwa linavuja.

Bwana wa chumvi akauliza basi mapatano yanakuwaje, na mjomba akamtazama kama anayeombwa kuuza mtoto. Alimwambia hawezi kutoa bonde ambalo amelitibu kwa mikono yake. Alimwambia mwakani anaziba na lile pengo, maana dawa imeshafanya kazi yake na sasa ndiyo wakati wa kupanga mengine. Alisema bonde hili ni la dada zake. Aliyasema haya yote kwa machozi machoni, na machozi yalikuwa ya kweli. Pikipiki ikawashwa ikaondoka kuelekea barabara ya Mtwara. Mama akanigeukia.

"Mshukuru mjomba wako," akasema.

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Watu walikuwa wanasubiri, na mjomba alikuwa anasubiri kuliko wote, uso wake umefunguka kama wa mtoto siku ya Idi. Hotuba yangu yote ilikuwa kooni, nzima, haijapungua neno.

"Ahsante, mjomba," nikasema. "Salfa imetusaidia."

Jikoni nilimwambia mama kwamba amesema uongo mbele ya watu na kuninyang'anya siku yangu. Alikuwa anapepea moto, hakuinua uso.

"Ardhi ipo?" akauliza.

"Ipo."

"Basi pakua. Wa kwanza mpelekee njomba wako."

Nilipakua. Mama alikuwa ameniagiza niupike wali ule kwa nazi tu, bila chembe ya chumvi, kwa sababu alitaka kuuonja ulivyo. Ulikuwa mweupe, umechambuka, na harufu yake ilijaa uani, na najua ninachosema. Nikapiga goti, nikaweka sahani mbele ya mjomba. Akanawa, akamega tonge kubwa, akatafuna polepole huku watu wanamwangalia, akameza.

"Nchele mzuri," akasema. "Ila mpishi, chumvi haijakolea. Hebu niletee."

Nikanyanyuka nikaenda kumletea.